Kidole Kisichotoa Wimbi

Mtu aliye hai anawezaje kugusa mashine ya umeme, na mashine isimwone? Swali hilo lilinishinda siku ile, na bado linanipandisha hasira. Niamini, siongozwi na habari za mizimu. Nimesoma elektroniki chuo kikuu, na hata kanisani nauliza maswali mpaka mama ananifinya. Lakini hili lilinitokea mimi, mchana kweupe, Sirari.

Karakana yangu iko Genkuru. Nilikuwa natengeneza detekta za wachimba dhahabu, vile vyombo vya kunusa dhahabu ardhini, kwa kubahatisha tu, maana sikuwa na oskiloskopu, kile chombo kinachochora umeme kama wimbi kwenye kioo. Masanja, mchimbaji kutoka Geita, aliniletea detekta yake iliyokufa. Ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Tukaenda wote Sirari dukani kutafuta oskiloskopu.

Muuzaji alikuwa na viwili: kimoja cha zamani, kizito kama jiwe la kusagia, na kidogo cha betri.

"Beba hii ndogo, sista. Hiyo ingine ni ya wazee."

Kwa fundi anayefuata kazi mashimoni kwa bodaboda, alisema kweli. Nikakijaribu tulivyofundishwa: unagusa ncha ya waya wa kupimia kwa kidole. Mwili hunasa umeme wa nyaya za jirani, kama antena, na wimbi hutokea. Nikagusa. Wimbi safi. Nikamwambia muuzaji naye aguse. Mstari mnyoofu! Mimi tena: wimbi. Yeye: mstari.

Akacheka. "Kwani mimi nimekufa?"

Masanja akarudi nyuma. "Dada, chombo hicho hakigusi detekta yangu."

"Acha ushamba, Masanja!"

"Ushamba huu ndio umenitoa mashimoni mzima."

Akaibeba detekta yake, akaondoka. Nilisikia aliiuza mbovu hivyohivyo, akarudi kwao mikono mitupu. Ningeitengeneza! Nilikinunua chombo kwa ukaidi, na hadi leo ncha ile siigusi kwa kidole.

Nawe unayenunua oskiloskopu yako ya kwanza, chukua cha betri. Ila kabla hujamshuku mtu, uliza kama umeme upo. Mimi sikuuliza. Muda mrefu baadaye, mama muuza maziwa wa kibanda kilicho jirani na duka lile aliniambia anaikumbuka siku ile, kwa sababu maziwa yake yote yaliharibika: umeme ulikatika Sirari nzima tangu alfajiri, na jenereta haikuwapo. Pasipo umeme, kila mwili hutoa mstari mnyoofu. Mstari wa muuzaji ulikuwa sahihi. Wimbi lisilopaswa kuwapo lilikuwa langu.