Uso wa Baba Mkwe Nyuma ya Migomba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho, hata kama ni Julai na baridi ya Iringa inagonganisha meno. Siku hiyo nilishuka kwenye basi pale Uyole, Mbeya, nimekumbatia kitambaa nilichokifunga ndani ya kanga, utadhani nimebeba mtoto mchanga. Nilikuwa nakwenda kutambulishwa kwa kina Lusajo, mchumba wangu, Mnyakyusa. Mimi Mhehe wa Ilula, binti wa muuza nyanya. Baba yake ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ndoa yetu, na sikutaka kwenda mikono mitupu.

Kitambaa chenyewe, sijisifu, kingesimamisha malori barabarani. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya kudarizi, na cheti kilinivimbisha kichwa hata kilemba hakifungiki. Nikasema nitadarizi asili zetu mbili. Upande mmoja nikaweka kwetu: nyanya za sufu nyekundu, vilima vya vipande vya vitenge, na milulu, zile nyasi tunazosukia vikapu, nimezishonea chini ziwe majani ya bondeni. Upande wa pili nikaweka kwao. Na kwa kuwa kwao sikuwahi kufika, nilimwomba Lusajo picha ya baba yake, nikamdarizi mzee uso mzima: macho, makunyanzi, ndevu moja moja. Ndevu zile zilimaliza uzi mweusi wa mkoa mzima.

Mimi na Lusajo tulifikia kwanza kwa Shangazi Tusekile, dada wa mzee, nyumba ya pili kutoka kwa mzee mwenyewe. Alinipokea kwa vigelegele, akanipa chai, akasema, “Haya, fungua hicho kichanga chako tukione.”

Nikakitandaza mezani. Akazicheka nyanya. Akaipapasa milulu. “Kumbe na hii inashoneka!” Kisha macho yakahamia upande wa pili, na kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

“Huyu nani?”

“Baba mkwe, shangazi.”

“Umemwona wapi?”

“Kwenye picha. Lusajo alinipa.”

Akafungua kitenge cha kiunoni akamfunika mzee upesi, kama mtu anayezima moto. “Nilisikia Wahehe ni majasiri, lakini wewe binti umepitiliza! Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Hata jina lake halitaji. Wewe umemkodolea macho mpaka ndevu umezimaliza!”

“Shangazi,” Lusajo akasema kwa sauti ndogo, “mimi nilidhani hayo yamekwisha.”

“Yamekwisha kwa nani? Kaka yangu ni mzee wa kanisa na ana simu kubwa kuliko yako, lakini hilo hajaliacha. Mke wa kaka yako ana watoto watatu sasa, na mpaka leo akimsikia mzee anakohoa anakimbilia jikoni. Hujawahi kuona?”

Lusajo akainamisha kichwa. Alikuwa ameona maisha yake yote, na kwa kuwa aliona kila siku, hakuona kitu. Ndivyo tulivyo na ya kwetu, mwanangu.

Niliiona ndoa yangu inarudi Ilula na basi la jioni, na mama yangu akiulizwa na wauza nyanya wote wa barabarani. Nikachukua wembe kwenye mkoba. “Ngoja nimfumue, shangazi. Naanza na macho.”

Akanidaka mkono. “Umtoboe macho mtu aliye hai, siku ya kukupokea? Kosa la kutojua tutalisitiri. Hilo la wembe atalisitiri nani?”

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaketi karibu nami.

“Ulipochagua uzi, uliuliza kama unachuja rangi?”

“Niliuliza kila duka.”

“Na kwa huyu uliyekuwa unamshona, ulimuuliza nani?”

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na mimi nilikuwa nimeipamba kabla ya kubisha hodi.

“Nyuma huko kuna migomba,” akasema. “Usimfumue. Mfunike.”

Lusajo alitoka nje akarudi na majani makavu ya mgomba. Nikayachana vipande vyembamba, nikaanza kuyashonea juu ya uso wa mzee, jani juu ya jani. Makavu yalikatika, nikalowesha. Nilijichoma vidole hadi nikaogopa damu isipakae kitambaa. Jicho la kushoto liligoma kabisa. Kila nikilifunika, linachungulia. Mtu akaja kusema wazee wamekwisha kuketi. Akaja tena. Shangazi akawa anajibu, “Mgeni anaoga,” na nadhani pale Uyole hakujawahi kuoga mtu muda mrefu namna ile.

Hatimaye shangazi akakichukua kitambaa, mimi nikaingizwa jikoni kwa mzee, kitenge kichwani, pamoja na mke wa kaka yake Lusajo. Tulisikia kila kitu kupitia ukutani. Tulisikia kikitandazwa. Mzee akakohoa, na mwenzangu akaruka akasimama nyuma ya mlango.

“Migomba hii imenenepa katikati,” sauti ya mzee ikasema. “Mwulizeni mkamwana, nyuma yake kuna nani?”

Shangazi akajibu kabla swali halijafika jikoni: “Kuna mwenye shamba, kaka. Mkamwana hakutaka kumtazama.”

Kisha mzee akacheka, polepole, kicheko cha mtu aliyeelewa yote. “Basi amwache apumzike humo humo. Mpelekeeni chakula mke wa mwanangu.”

Mwanangu, wewe na wenzako mnaodarizi asili zenu kwa uzi, vitenge na majani, nawapenda na nawaogopea. Asili si picha tu ya kunakili. Ina mahali pa kutazama, na mahali pa kuinamisha macho. Kabla hujamshona mtu, waulize watu wake. Na ukikosea, usikimbilie wembe. Tafuta mkubwa, msitiri mwenzako, endelea kushona. Kuuliza si ujinga, na kusitiri si kudanganya.

Mungu akujalie wenyeji wa kukuambia kweli mapema, na wakwe wenye kucheka. Kila nyumba utakayobisha hodi, uitikiwe kwa amani.