Kikapu Kitupu, Njia ya Cheptais

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikifunga kamba za viatu. Nilikuwa msichana, tukirudi na Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, kutoka soko la Chwele kwenda kwetu Cheptais. Kichwani nilikuwa na debe la mahindi. Kushuka tulikuwa tumeshuka alfajiri, kukiwa bado giza. Sasa jua lilikuwa limetoka, na nilijua nyuma yangu kuna nchi nzima imetandazwa. Tulipofika kwenye kona moja ya mlima, nikaanza kugeuka.

"Wee! Shingo mbele!" Kukhu akanikemea. "Mwenye mzigo hageuki. Utamwaga chakula ya watoto."

Alisema kweli. Lakini nilimwuliza kama yeye amewahi kuangalia kule nyuma. Akacheka. "Siku nitapanda bila mzigo, nitaangalia."

Mwanangu, tulimzika siku hiyo haijafika.

Mimi nikaolewa Kitale, nikawapikia watoto wa shule mpaka nikastaafu. Miaka yote hiyo nilijiambia nitarudi kuiona ile nchi. Magoti yalipoanza kulalamika, nikajua ngojangoja huumiza matumbo. Nikanunua raba, nikaanza kutembea polepole huku pembeni mwa mji, na nilipopata pumzi nikaenda Cheptais.

Shida ilikuwa watu. Huku kwetu mama mzima hapandi mlima mikono mitupu. Kila boma nililopita waliniuliza, "Mama, ng'ombe amepotea?" Nikisema natembea tu, wananihurumia. Niliona haya, nikarudi kabla ya kufika ile kona ya Kukhu. Safari ya pili nikajitwika kikapu kitupu, nimekifunika leso vizuri. Usicheke. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Karibu na kona nikamkuta mama aliyenizidi umri, anapura maharagwe uani. Akaja kunitua, kama ilivyo desturi. Akaona kikapu ni chepesi, akafunua leso, akanitazama.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna, mama. Naogopa watu wataongea."

"Si wataongea tu, bana! Wataongea mpaka jioni, halafu walale. Wacha hiyo kikapu hapa. Utachukua ukirudi."

Nikapanda bila kitu. Kwenye kona nikasimama, nikageuka. Chwele ilikuwa kule chini na mabati yake yanang'aa, miwa, mahindi, moshi wa majiko, Bungoma yote mpaka macho yakachoka. Nililia kwa furaha. Kisha nikamlilia Kukhu, aliyepita pale maisha yake yote akiwa na shingo mbele.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mzigo wa kweli ubebe, wala usiumwage, ili watoto wapate kula. Lakini ukishautua, usijitwike mwingine mtupu kwa ajili ya midomo ya watu. Na kile unachotaka kukiona, usingoje magoti yakukumbushe. Ikiwa umeshachelewa kama mimi, basi twende hivyo hivyo, kawia ufike. Mimi hupanda kila nikipata nafasi, na yule mama bado ananiwekea kikapu changu. Nimekataa kukichukua.

Mungu akupe mizigo unayoiweza, kisha akujalie siku ya kuitua ukiwa bado na shingo ya kugeuka.