Kisigino cha Mpiga Gitaa

Ami Marhoon alikuwa na jenereta za kukodisha na hadithi moja ya bure. Jenereta zilikaa gerejini kwake, mtaa wa Ghala hapa Maskati. Hadithi ilitoka kila chai ya maziwa ikimiminwa: kwamba ujanani, baada ya kutoka Unguja na kabla ya kuja Maskati, alifanya kazi London kwenye ukumbi wa muziki, akibeba maspika na kukunja waya. Wale wapiga gitaa wakubwa wa roki, wenye nywele mpaka mabegani, kawaona kwa macho yake.

"Kawaona mgongo," Thabit, fundi wetu, alikuwa akimalizia.

Na ndo kweli. Kazi yake ilikuwa nyuma ya jukwaa. Ukimwonesha sura kwenye jalada la kanda, hamjui hata mmoja. Lakini migongo, wallahi, utadhani anasimulia ndoto. Mmoja koti lilimpasuka kwapani, kila akiinua mkono taa inapita pale. Mwengine, ndo aliyempenda kuliko wote, akikaribia ile sauti ya juu kabisa, inayolia, alitoa kisigino cha kulia nje ya kiatu, kama mtu anaeingia msikitini kisha akakumbuka kitu.

Mie skuli niliiacha njiani, na kazi zilikuwa hazinikai. Pale gerejini nilikaa. Nadhani kwa ajili ya kile kisigino.

Siku moja tunapanga nyaya, akaniuliza, "Murshid, weye unaniamini?"

"Nakuamini, ami."

"Miye mwenyewe siku hizi sijiamini. Nnaona labda niliota. Hasina ananambia London niliumwa homa nyingi."

Hasina ni mkewe, na hasemi uongo.

Basi mwaka elfu mbili na mbili, wakati wa baridi, hoteli moja ya ufukweni ikakodi jenereta. Mzungu mzee anakuja kupiga gitaa bustanini. Ami alisoma jina kwenye tangazo, akakaa juu ya tairi. Ndiye yule wa kisigino.

"Leo utamwona uso," Thabit akasema. "Umwambie mgongo wake unausalimia."

Tulifika baada ya alasiri, wapigaji wakijaribu vyombo. Jenereta tuliiweka nyuma ya jukwaa, kwenye mitende. Msimamizi akamwambia ami, "Mzee, viti vitupu, nenda kakae mbele." Ami akapangusa mikono, akaweka kofia sawa, akakaa kiti cha mbele kabisa kama bwana harusi.

Mzungu akatoka. Mwembamba, kipara, miwani inaning'inia shingoni. Akaanza kupiga, upepo wa bahari ukichukua nusu ya sauti. Ami alimtazama sana. Nikaona uso unamshuka.

"Simjui," akasema. "Angeweza kuwa mtu yeyote. Hata muuza samaki wa Qantab." Akainuka. "Twende tukaangalie dizeli."

Huku nyuma jenereta inanguruma, na gitaa linatufikia kama kutoka chini ya maji. Ami aliinama na kijiti chake kupima tangi, mgongo kwa jukwaa. Mara akatulia. Hakugeuka.

"Mwangalie mguu," akanambia. "Wa kulia. Bado. Bado. Sasa."

Kisigino kikatoka.

Kiatu kilikuwa kinaning'inia kwenye vidole, na ile sauti ikapanda, ikapita mitende, ikakaa huko juu.

"Kimetoka?" ami akauliza, bado kainama.

"Kimetoka, ami."

Hapo ndo akageuka. Sijawahi kumwona mtu anatazama mgongo vile.

Mzungu alipomaliza alishuka kwa ngazi ya nyuma, waya umemzonga miguuni. Ami akamwahi, akaushika, akaanza kuukunja kwenye kiwiko, taratibu, duara juu ya duara. Mzungu akasema ahsante kwa lugha ya kwao, macho kwenye ngazi, akapita.

"Mbona hukumsemesha?" nikamuuliza garini.

"Nikamwambie nini? Mwenzangu hajapata kuniona hata mgongo."

Lakini alikuwa anacheka. Kwenye taa za barabarani za Wattaya alikanyaga breki, tukasimama mbele ya duka la magari mapya yanayong'aa vioo. Nikatazama chini. Kisigino chake cha kulia kilikuwa nje ya ndara. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakaanza kutupigia honi, ami hana habari, na mie sikumwambia.