Nguzo Niliyoiweka Kando ya Mwamba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma, Mpima Mkuu alinikabidhi mnyororo wa chuma wa kupimia ardhi, akaniambia nisiulize maswali mpaka nijue kuukunja. Niliukunja siku nzima, na maswali sikuacha. Nilitaka kujua kwa nini jua likiwa kali vipimo husahihishwa. Kumbe chuma hurefuka kwa joto.

Nilihamishiwa Bunda kupima viwanja, kisha Butiama kwenye mashamba. Huko nilijifunza kuwauliza wenyeji kabla ya kufungua ramani.

Baadaye nikapelekwa kaskazini, mpakani mwa nchi yetu na nchi jirani, kusimika upya bikoni iliyoanguka. Bikoni ni nguzo ya zege inayoonyesha mpaka unapopita. Mahali pake palikuwa mwamba mtupu, nasi hatukuwa na cha kuutobolea. Mkuu wa msafara aliniagiza niisimike pembeni kwenye udongo, upande wa jirani, na niandike umbali wake kwenye kitabu cha uwandani, kile ambamo kila kipimo huandikwa papo hapo. Tulipomaliza, mvua ikatukimbiza. Tulijikinga kwa mama mmoja kijana, Bhoke, akatupa uji. Sikuandika kitu.

Miaka ikapita. Nikiwa nakaribia kustaafu, nchi zote mbili ziliunda timu moja ya kuhakiki mpaka, kwa vifaa vinavyopokea ishara za setilaiti. Kwenye nguzo ile hesabu zikagoma: ilikuwa imeingia kwa jirani hatua kumi na nane. Wenzetu wa nchi jirani walisema tumeihamisha tuwanyang'anye ardhi. Kiongozi wetu akajibu kwamba hesabu zao ndizo mbovu. Maneno yakawa makali, kazi ikasimama siku mbili. Na mimi, niliyejua, nilinyamaza siku zote hizo.

Siku ya tatu Mama Bhoke alikuja na jembe begani, maana ukanda uliogombaniwa ulikuwa shamba lake la muhogo. Alinitazama sana.

"Wewe si ndiye uliyekujaga na mvua?" aliuliza. "Jiwe la zamani lilikuwaga pale juu ya mwamba. Mbona huwaambii?"

Nikawaambia. Kiongozi wetu alinivuta pembeni.

"Mzee, unajua unawapa ardhi yetu?"

"Siwapi, bosi. Ilikuwa yao. Mimi ndiye sikuandika."

Walikwangua kuvu juu ya mwamba, wakakuta msalaba wa wapimaji wa kwanza umechongwa. Bikoni ikarudishwa hapo. Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Shamba la Mama Bhoke likaangukia nchi ya pili. Viongozi wa vijiji vyote viwili walikaa naye, wakakubaliana aendelee kulima. Nilikwenda kumwomba radhi.

"Muhogo haujui mpaka," alisema. Ila alitaka kujua kama sasa atahitaji kibali kwenda kuuchimba.

Sasa nipo Buhare, nimestaafu. Wapimaji vijana huja kunionyesha vifaa vyao, nami huwauliza hadi wanachoka. Wao huniuliza swali moja tu: je, ningesema kama yule mama asingenitambua? Ningependa kuwajibu ndiyo. Nimelipima jambo hilo kutoka kila upande, na bado sijui.