Ala ya Bolo na Nguzo ya Albert Park

Nilikwenda Durban kwa sababu ya sifa zangu mwenyewe. Tanga nilijulikana kwa kukusanya bolo, yale mapanga ya Kifilipino yenye ala za mbao zilizonakshiwa. Nilikuwa nayo mawili tu, ya kununua kwa mabaharia, lakini kwa maelezo yangu ungedhani nimezaliwa Manila.

Shemeji yangu Kasongo, Mkongo anayeishi Durban, alipiga simu. Jirani yake msusi, Mkongo mwenzake, Mama Grâce, aliachiwa bolo na baharia Mfilipino aliyezaa naye. Meli iliondoka kabla mtoto hajazaliwa, na bwana hakuwahi kumtajia kwao ni kisiwa gani. Bolo likitambuliwa, mama atajua pa kupeleka habari za mtoto. Kasongo hajamaliza kusema, nami nishashusha begi kabatini.

Mpakani Beitbridge, ofisa alitoa begini ala mbili tupu nilizobeba kwa kulinganisha. Mapanga yenyewe niliyaacha nyumbani kwa woga.

"Visu viko wapi?" aliuliza.

Nikamhutubia kuhusu nakshi huku basi zima likinisubiri. Kuanzia hapo abiria waliniita Daktari wa Maganda.

Albert Park, mtaa wao wa Durban, asubuhi baada ya kufika, Kasongo alinipeleka saluni. Mama Grâce alikuwa na mtoto mgongoni.

"Papa, nilisikia weye njo unajua hii vitu yote."

"Kiasi," nilijibu, kwa unyenyekevu wa uongo.

Nilichomoa bolo. Makali yamenolewa upande mmoja, mpini una kichwa cha mnyama aliyeachama. "Visaya," nikatamka. "Visiwa vya katikati." Hapo nilikuwa sahihi, na ningefunga mdomo ningerudi na heshima yangu.

"Kisiwa gani, Papa?"

Sikujua. Badala ya kusema hivyo, nikaomba mafuta ya nazi nikaisugua ala, iliyokuwa nyeusi kwa vumbi na mafuta ya nywele. Michoro ikatokea: nguzo, na juu yake miduara mitatu. Ule wa chini ulipachikwa kipande cha kombe, ganda la baharini linalong'aa.

"Jua, mwezi na nyota," nikaanza. "Alama ya ukoo wa kale sana, wa..."

Mama Grâce aliinama kutazama, akacheka hadi mtoto akaamka.

"Eish! Papa, ile iko robot!"

Kasongo alifungua mlango, akanionyesha taa za barabarani pale kona, ambazo huko huitwa robot. Ukoo wangu wa kale ulikuwa umesimama pale ukiongoza teksi. Kumbe baharia aliichonga ala hapahapa Durban, meli ikiwa kwenye matengenezo.

"Pale njo tulionana," alisema Mama Grâce. "Alitaka kuvuka na red, nikamuvuta shati. Nikamwambia, ngoja green."

Kidole chake kikafika kwenye kombe, kicheko kikakatika. "Aliweka ya green peke yake. Atavuka bahari, atarudi." Akalia, nami nikaona haya kwa hotuba zangu zote.

Siku naondoka, bolo lilikuwa limetundikwa juu ya kioo cha saluni, ili baharia yeyote wa kwao akipita alione. Kisiwa sikukipata.

Tanga, mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Alicheka nilipotaraji. Kisha akatazama ukutani, kwenye mapanga yangu yasiyo na ala, ambayo nimeyaeleza kwa wageni miaka na miaka.

"Na wenye mapanga haya," akauliza, "wanangojwa na nani?"

Mtaalamu nikafungua begi, nikayarudishia mapanga ala zake.