Zana za Baba na Lebo Zangu

Baba alipofariki aliacha sanduku lililojaa zana za useremala, na mimi, mwanawe mwenye shahada mbili, nikaona ni langu. Nilikusudia kuzitundika ukutani sebuleni kwangu Moshi mjini, wageni wazione.

Mama hakupenda. "Vyombo vya kazi si picha," alisema. "Anayejua kazi yake ndiye achukue." Akampigia simu rafiki wa baba, fundi mzee wa mjini aliyefanya naye kazi karakana moja miaka mingi, apande kwetu Machame Jumamosi aje aamue.

Nilikuwa na siku nne. Mtu mwingine angekwenda kumuuliza seremala. Mimi nilinunua karatasi za kubandika. Nilizipanga zana zote kwenye mkeka barazani, nikazilinganisha na picha za kwenye simu, kisha kila moja nikaipa jina kwa mwandiko safi. Msumeno, randa, patasi, tupa: hapo sikuwa na wasiwasi. Kwingine nilitumia akili.

Jumamosi fundi alifika na kofia yake ya kufuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona umefungua duka."

Alivaa miwani akaanza kusoma lebo moja moja, kama anayesahihisha mtihani. Kwenye tezo, ile ya kuchongea magogo, nilikuwa nimeandika "kijembe cha bustani". Aliinyanyua akamgeukia mama.

"Shemeji, mwanao ameshalimia hii?"

"Bado. Hata na jembe lenyewe hawajuani sana."

Akafika kwenye kijiti cha mbao kilichopenya katikati ya kibao kinene, chenye ncha ya msumari upande mmoja. Hiki kilinisumbua siku mbili. Lakini mimi ni mtoto wa mlimani, nimekua kati ya migomba na mapipa ya pombe yake, kwa hiyo nilikuwa nimeandika bila kusita: "kizibo cha pipa la mbege". Msumari, nilijieleza, ni wa kukitundikia.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Mama naye akajifunika uso kwa kanga.

Alipotulia, alichukua ubao, akakibana kile kibao ukingoni, akavuta. Msumari uliacha mstari mwembamba, sambamba na ukingo mwanzo hadi mwisho. "Baba yako hakukata ubao bila mstari huu," alisema. "Jaribu."

Mstari wangu ulikwenda kama njia ya ng'ombe. Nikarudia. Nikarudia tena, chai ikapoa, nami sikukumbuka kuinywa.

"Haya, shemeji," mama alisema mwishowe. "Amua."

Mzee alizirudisha zana sandukuni, akizibandua lebo zangu moja moja. Nilitazama nikijua nimeshindwa kihalali. Kisha akanipa kile cha kuchorea mistari.

"Hizi nakwenda nazo, zisiote kutu. Hiki baki nacho. Mkono ukitulia, njoo karakana nikupe patasi. Patasi ukiiweza, nitakupa kingine."

"Itachukua muda gani, mzee?"

"Wewe si msomi? Umezoea kukaa darasani."

Sasa nakwenda kila Jumamosi, na nakiri naisubiri siku hiyo kuliko mshahara. Nimeshapata patasi mbili na tupa. Kuhusu randa, amesema tuzungumze kahawa ikishavunwa.