Fenesi la Mama

Mama alipoambiwa ana sukari, mdogo wake alipanda kuja kwetu Mwika na mfuko wa majani ya mfenesi. Mama mdogo aliolewa Mabogini, huko chini kwenye mpunga, na mfenesi ulio nyuma ya nyumba yake umelipita paa. Kwake mti ule ni duka la dawa. Mbegu huwachemshia watoto wanaoharisha, mizizi huwapa wenye pumu, utomvu huuchanganya na siki akapaka majipu. Majani, alisema, yanashusha sukari.

Mama aliyanywa asubuhi na jioni, pamoja na vidonge vya hospitali. Sijui ni kipi kilichomsaidia. Daktari wa Moshi tulipomweleza hakugomba. Alisema tu vidonge asiache, na matunda matamu asiguse, hasa fenesi lililoiva. Mama alilipenda fenesi kuliko chakula chochote.

"Majani nakunywa mimi, kama mbuzi," aliniambia. "Tunda mnakula nyie."

Basi mama mdogo akileta fenesi tulikwenda kulila nyuma ya banda la ng'ombe. Lakini fenesi halifichiki. Harufu ilipita migombani ikamfikia mlangoni alikokaa.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka figo zikachoka. Tulimlaza hospitali mjini. Siku moja daktari aliniita mimi na kaka yangu kwenye korido, akasema tunaweza kumrudisha nyumbani. Kaka akauliza habari za chakula.

"Mpeni anachotaka," alisema daktari.

Kaka alimshukuru. Mimi nilielewa maana yake, na sikusikia chochote ndani yangu. Nilikwenda kukusanya nguo za mama na chupa ya chai.

Nyumbani mama aliomba fenesi. Mama mdogo alilileta kwenye bodaboda, limefungwa kwa kanga. Nilipaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu ili utomvu usigande, nikalipasua pale pale chumbani. Harufu ilijaa nyumba nzima. Kaka, ambaye hawezi kuivumilia, akatoka nje.

Mama alichukua kipande kimoja, akakifyonza taratibu, akatema nyuzi kiganjani. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Na majani?"

Mama mdogo alitazama sakafu. Alisema safari hii hakuyaleta.

"Umefanya vizuri," alisema mama. Akachukua kipande kingine, akanisukumia sahani na mimi nile. Nilikula. Lilikuwa laini na la baridi. Utamu wake sikuusikia.

Alifariki wiki ile ile, mchana, nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Tulimzika kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, jirani na baba. Mama mdogo alilia mpaka wanawake wakamshika. Mimi niligawa chai, nikaosha vikombe, nikagawa tena. Wazee wa usharika waliniambia kilio kitakuja chenyewe, nisikilazimishe.

Mvua zimeanza sasa. Napalilia kahawa, nakamua, napeleka maziwa. Jumapili, baada ya ibada, mama mdogo hunipigia simu. Tunaongea habari za mpunga na za watoto, halafu ananiuliza kama nimelia.

Namwambia bado.